Tunailaani Marekani, Geita Tunaikalia Kimya

Ndugu msomaji, kabla hujaokota jiwe la kunirushia, ngoja kwanza nikiri. Kosa nitakalolisema humu, na mimi nimo.

Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd alikufa chini ya goti la polisi mjini Minneapolis. Sote tuliiona ile video kwenye simu. Wiki chache baadaye niliandika shairi. Niliandika usiku mmoja tu, kwenye chumba cha kupanga hapa Shinyanga mjini, umeme umekatika, mbu wananitafuna, na nikajiona nimekuwa sauti ya wanyonge wa dunia nzima. Shairi lilikuwa na beti tisa. Weupe ndani yake ulikuwa sanda. Weupe ulikuwa fisi. Weupe ulikuwa chumvi kwenye kidonda. Kila kibaya nilichokikuta njiani nilikivika weupe.

Nikalisoma kwenye kikao cha waandishi chipukizi. Makofi yakapigwa, si haba. Mmoja akasema nimefikia viwango. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akanyoosha mkono. Ana ualbino. Akasema kwa upole sana: "Kaka, shairi nimelipenda. Ila humo ndani mweupe ndiye adui kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Sasa mimi nikae upande gani?"

Nilijibu upuuzi. Nilimwambia habari za ishara, taswira, na kwamba shairi lisichukuliwe kwa maana ya juujuu. Yeye akatikisa kichwa kwa adabu, akakaa. Kikao kikaendelea. Mimi sikuendelea, swali lile limenikaa kooni mpaka leo.

Uhakiki huu umetokana na swali hilo. Nimerudi kuzisoma kazi zetu sisi vijana, zile zilizosomwa vikaoni na zile zilizopita mezani hapa jaridani, hasa zinazohusu ubaguzi, maandamano na mgawanyiko wa watu. Sitataja majina, maana tunajuana, na nia yangu si kumchoma mtu. Nia ni kuuliza: mbona kalamu zetu zina macho makali ya kuona Alabama, halafu zinapofika Katoro, Nyarugusu na Kahama zinavaa miwani ya giza?

KWA NINI MAREKANI?

Tuanze kwa haki. Wapo wazee watakaosema vijana hawa wamelewa mambo ya Wamarekani, muziki wao, suruali zao na filamu zao. Sikubaliani nao. Undugu wetu na Weusi wa Marekani una historia. Malcolm X alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 akakutana na Mwalimu Nyerere. Juni 1974 Kongamano la Sita la Pan-Afrika lilifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wajumbe kutoka Marekani walikuwepo. Vijana waliotutangulia walipoanza kughani rap kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, hawakuokota midundo tu. Waliokota pia ujasiri wa kumwambia mkubwa usoni kwamba mambo hayaendi. Wengine tulijifunza Kiingereza chetu cha kuombea maji kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, huku mtafsiri akiongeza chumvi zake.

Kwa hiyo kijana wa Shinyanga anayemlilia mtu wa Minneapolis hajapotea njia. Machozi hayana mpaka. Shairi halina dhambi kwa sababu tu linazungumzia ng'ambo.

Taabu ni namna tunavyolia. Na taabu nyingine ni pale tunapolia kwa jirani ili tusisikie kilio cha nyumbani.

KASORO YA FANI: MBWA ASIYEBWEKA

Tuchukue shairi moja lililopita mezani. Lina urari mzuri wa vina na mizani, mtunzi anajua kazi yake. Ubeti wa pili unataja mbwa wa Birmingham. Wa tatu unataja Soweto. Wa nne Minneapolis. Wa tano Gaza. Wa sita unamalizia kwa kusema wanyonge wote ni wamoja. Makofi.

Nimelisoma mara nne. Mbwa yule habweki. Hana rangi, hana mnyororo, hakuna aliyemshika. Ametajwa kama mtu anavyotaja jina la mkubwa fulani ili aruhusiwe kupita getini. Msomaji anayejua habari za Birmingham atajazia mwenyewe. Asiyejua atabaki na neno "mbwa". Sasa hapo mtunzi amefanya kazi gani?

Ukweli wenyewe una nguvu kuliko shairi. Mei 1963, mjini Birmingham, Alabama, walioandamana walikuwa wengi wao watoto wa shule. Mkuu wa usalama wa mji, Bull Connor, aliwaachia mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto. Watoto! Hilo neno moja lingeingia kwenye ule ubeti wa pili, shairi lote lingebadilika.

Au tuone habari ya Montgomery. Ubaguzi wa nchi kubwa kama ile ulikaa kwenye kiti kimoja cha basi. Mara nyingi abiria Mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, kisha akateremka na kupandia mlango wa nyuma. Pengine dereva aliondoa gari kabla hajaufikia. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikataa kuinuka, na watu wakaacha kupanda mabasi kwa siku 381. Miaka michache baadaye, tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne walikaa kwenye kaunta ya duka la Woolworth mjini Greensboro wakaomba kuhudumiwa kama wateja wengine. Kiti cha basi. Kigoda cha kaunta. Watu wale walijua kwamba dhuluma kubwa ina mahali inapokaa, na mahali hapo pana jina na pana saa.

Waandishi wao nao walijua. James Baldwin alipotoa kitabu chake The Fire Next Time mwaka 1963, alikifungua kwa barua aliyomwandikia mtoto wa kaka... hapana, wa mdogo wake, kijana aliyeitwa James kama yeye mwenyewe. Hakuanza na "enyi walimwengu". Alianza na mtoto mmoja wa ukoo wake, halafu taifa zima likajikuta linasoma barua isiyoandikwa kwalo.

Hilo ndilo la kuiga kutoka Marekani. Sisi tumeiga hasira, tukaacha jicho.

Na wala si lazima kwenda mbali kujifunza jicho. Manju wa Kisukuma analijua somo hili bila kufundishwa darasani. Kwenye ngoma za mashindano baada ya mavuno, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, manju haimbi kwamba "dunia ina dhuluma". Anamtaja mtu, anataja kijiji chake, anataja ng'ombe wake walikuwa wangapi na waliondokaje. Watu wanacheka, mwenyewe anatafuta pa kuficha uso, na wimbo unadumu miaka. Bibi yangu aliweza kuimba wimbo wa mtemi aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Ni wangapi kati yetu wanaotegemea shairi lao litakumbukwa mpaka Krismasi?

KASORO YA MAUDHUI: GEITA 1958

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Katika kazi zote nilizopitia, sijakuta hata moja inayotaja Geita ya mwaka 1958. Na nikiuliza vijana wenzangu, wengi wananikodolea macho. Geita 1958 kulikuwa na nini? Haya, tukae chini.

Katika Tanganyika ya Mwingereza watu waligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule mbalimbali, wodi mbalimbali za hospitali, mishahara mbalimbali. Mwaka 1955 Gavana Twining alipanga viti vya Baraza la Kutunga Sheria kwa usawa wa rangi: viti 10 vya Wazungu, 10 vya Waasia, 10 vya Waafrika. Ukisikia neno "usawa" unaweza kupiga vigelegele. Lakini piga hesabu: Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, Wazungu kama elfu ishirini. Ilipofika kupanga uchaguzi, mpiga kura alitakiwa achague watu watatu, mmoja wa kila rangi. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, hapo jirani zetu, ikavutana sana kama ishiriki au isusie. Ikaamua kushiriki, na uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara.

Wakati huohuo serikali ilitaka kuleta mtindo uleule wilayani: mabaraza ya wilaya yenye mchanganyiko wa rangi. Geita ikawa uwanja wa majaribio. Kumbuka hali ilivyokuwa Usukumani: TANU ilikuwa imezuiwa huku tangu mwaka 1954. Wakulima walikuwa tayari wamechoshwa na amri juu ya amri. Lima matuta hivi, punguza mifugo, lipia kodi ya ng'ombe. Sasa likaletwa baraza ambalo watu wachache wa rangi nyingine wangekaa kuamua mambo ya vijiji ambavyo hawaishi. Watu wakakataa. Walikataa kwa maelfu. Julai 1958 mamia yao wakaenda mpaka Mwanza kumkabili Mkuu wa Jimbo, wakapiga kambi huko, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mwisho wa yote, serikali ikalirudisha nyuma lile baraza lake.

Ndugu msomaji, umesoma vizuri? Wakulima wa pamba wa Geita waliandamana kupinga ubaguzi wa rangi wakapigwa mabomu ya machozi mwaka 1958, miaka miwili kabla ya Greensboro, miaka mitano kabla ya Birmingham. Na sisi wajukuu wao tunakaa hapahapa, tunavuka Ziwa kwa kivuko kilekile au sasa kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi, tunaandika juu ya mbwa wa Alabama!

Kwa mwandishi, hii ni hazina kuliko ile inayochimbwa. Fikiria tamthilia. Mzee anabishana na kijana kama waende Mwanza au wangoje. Mwanamke anasonga ugali wa safari bila kusema kitu, halafu anasema kitu kimoja. Karani Mwafrika wa serikali anatakiwa atafsiri maneno ya DC kwa watu wake, naye anayalegeza. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969 alichukua Vita vya Maji Maji, jambo ambalo kila mtoto wa shule alilijua, akalifanya swali: je, neno la uongo likiwaunganisha watu, ni uongo bado? Geita nayo ina swali lake. TANU ilikubali kura ya rangi tatu kule Tabora kwa busara. Watu wa Geita walikataa baraza la rangi tatu kwa hasira. Nani alikuwa sahihi? Au wote wawili walihitajiana? Mimi sijui jibu, na ndiyo maana ningeilipia tiketi tamthilia hiyo.

RANGI INAYOUA HAPAHAPA

Sasa turudi kwa yule binti wa nyuma karibu na mlango.

Tunasema Marekani mtu anauawa kwa sababu ya ngozi yake. Ni kweli. Na Kanda ya Ziwa je? Kuanzia mwaka 2006 na 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalitapakaa Mwanza, Shinyanga na maeneo ambayo tangu 2012 ni Mkoa wa Geita. Viungo vya binadamu vilitafutwa kwa imani kwamba vitaleta dhahabu kwenye duara na samaki kwenye nyavu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Watoto walihamishwa makwao wakapelekwa kwenye shule kama Buhangija, manispaa ya Shinyanga, ili walale salama. Wengine walikaa huko miaka bila kumwona mama. Mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Na kabla ya hapo, na pamoja na hapo, vikongwe wetu. Mwanamke amepika kwa kuni na vinyesi vya ng'ombe miaka hamsini, moshi umemfanya macho mekundu, halafu macho yale yale yanakuwa ushahidi kwamba ni mchawi. Anakatwa mapanga usiku. Mara nyingine nyuma ya uchawi kuna shamba ambalo mtu analitaka.

Ukiniuliza ubaguzi wa rangi ni nini, nitakujibu: ni kuutazama mwili wa mtu, ngozi yake au macho yake, na kuusoma kama hukumu. Basi sisi si wageni wa jambo hilo. Tofauti ni kwamba Marekani lina maktaba nzima, na kwetu lina mabango ya serikali.

Tazama sasa lugha yetu. Kuna hadithi moja nzuri tu iliyopita mezani, inayomhusu kijana Mtanzania anayesoma Marekani. Anaitwa tusi la rangi dukani, na mwandishi analieleza tukio lile kwa uchungu mkubwa, kurasa mbili nzima. Kurasa sita mbele, mwandishi huyohuyo anataka kusema kwamba mbalamwezi ilikuwa imepauka. Anasema imepauka "kama zeruzeru". Hakuona. Mhariri hakuona. Na mimi niliyekuwa nikisoma kabla ya kikao kile, sikuona. Neno ambalo wenyewe wamelalamika kwamba linawaondoa kwenye hesabu ya watu tumelitumia kama pambo la sentensi. Tamathali ya semi nayo ina damu mikononi, jamani.

Na shairi langu la beti tisa ni hivyohivyo. Nilipogeuza weupe kuwa uovu wenyewe, nilifanya kosa lilelile la mtu wa Mississippi aliyegeuza weusi kuwa uovu wenyewe. Nilibadilisha rangi, mtego nikauacha umetegwa palepale. Nilidhani namtega polisi wa Minneapolis. Aliyenasa ni dada yangu wa hapa.

MZUNGU WA SIGARA NA MCHIMBAJI MALAIKA

Msiseme ninawaficha wenye migodi. Wapo vijana wachache walioandika juu ya dhahabu, na nawapa hongera. Ila na wao nina neno.

Hadithi zao karibu zote zina watu wawili. Kuna Mzungu mnene, pua nyekundu, sigara mdomoni, anayecheka "ha ha ha". Kuna mchimbaji mdogo, maskini mwema, anayemwogopa Mungu na kumpenda mama yake. Mzungu anamfukuza mchimbaji. Mchimbaji anakufa au anaapa. Mwisho.

Mambo yenyewe ni mazito kuliko hivyo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilaya ya Kahama wakati huo, eneo likashikwa na kampuni yenye mizizi Kanada. Yakatoka madai kwamba kuna watu waliofukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni wakakana. Madai yakafika mpaka kwenye vyombo vya Benki ya Dunia, wanasheria waliofuatilia, akiwemo Tundu Lissu, wakashtakiwa kwa uchochezi, na mabishano hayajazikwa mpaka leo. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, ya 2010 asilimia 4, na mabadiliko ya 2017 yakaupandisha mpaka 6. Nyuma ya namba hizo kuna wino wa watu wetu wenyewe waliosaini, na baadaye watu wetu wenyewe waliobisha. Mzungu wa sigara hakukaa peke yake mezani.

Ingia sasa kwenye machimbo. Mwenye shamba ana mgao wake wa mifuko ya mawe. Mwenye duara ana wake. Mfadhili aliyetoa unga na baruti ana wake. Mwenye karasha anakatwa cha kusagia. Anayeshuka chini kwa kamba, taa kichwani, matimba yanalia juu yake, anapata kinachobaki. Kando kuna mama anayechanganya zebaki kwa mikono mitupu kwenye beseni lilelile atakaloogea mtoto. Na nje ya uzio wa mgodi mkubwa kuna vijana wanaogombea magwangala, yale mawe ambayo mgodi umeyaona hayana faida, nao wanayaona kuwa maisha. Nani hapo ni malaika? Mgawanyiko umo ndani ya mgawanyiko. Mwandishi anayemleta Mzungu mmoja afunike yote hayo amefanya kazi ya bure kwa mwenye duara.

Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, upande wa pili wa maji haya haya, alitufundisha hili. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya mwaka 1975, Tumaini si malaika hata kidogo; ujana wake ni wa ovyo. Hata hivyo anapogongana na siasa ya ardhi, tunatetemeka naye mpaka mwisho wake mbaya. Hatumlilii kwa sababu ni mwema. Tunamlilia kwa sababu tunamjua.

BASI TUFANYEJE?

Mhakiki anayelaumu tu ni kama mtu anayesimama juu ya duara na kuwapigia kelele walioko chini. Nami niweke yangu mezani.

Kwanza, ukitaka kuandika Marekani, andika. Lakini ijue. Soma tarehe, soma majina ya mitaa, jua nani alikuwa ameshika mnyororo wa mbwa. Ukishindwa kumfanya mbwa abweke, mwache.

Pili, kila dhuluma unayotaka kuiandika, itafutie kiti chake. Wa Montgomery walikipata ndani ya basi. Kiti cha kwetu kipo wapi? Huenda ni geti la mgodi saa kumi na mbili asubuhi, wenye kitambulisho wakiingia na wasio nacho wakibaki. Huenda ni mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Huenda ni bweni la mtoto aliyefichwa ili asiuawe, siku ya kufunga shule, wenzake wakichukuliwa na wazazi.

Tatu, nendeni kwa wazee kabla hawajaisha. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa maandamano ya Geita, leo anakaribia tisini. Chukua sukari kilo mbili, chukua daftari, kaa mkekani, uliza, nyamaza. Tukingoja miaka mitano zaidi, tutabaki na maandishi ya DC tu, na DC hakuwa upande wetu.

Nne, chunga maneno madogo. Hasira kubwa dhidi ya ubaguzi wa mbali haikupi ruhusa ya ubaguzi mdogo wa karibu. Kabla ya kutuma kazi yako hapa, isome ukiwa umemweka mtu mmoja mbele yako kwenye kiti: kikongwe mwenye macho mekundu, au mtoto wa Buhangija. Ukiona sentensi inayokufanya utake kupunguza sauti, hapo ndipo pa kusahihisha.

Najua wapo watakaosema haya ni rahisi kuandika, ni magumu kutenda. Kuandika juu ya Minneapolis hakukupotezei kazi, kuandika juu ya geti la mgodi ambalo mjomba wako anapitia kila siku kunaweza. Ni kweli. Siwezi kumwita mtu mwoga nikiwa nimekaa kitini. Ila tukubaliane basi tuiite kwa jina lake. Tusiite ukimataifa kitu ambacho ni hofu.

Mimi nimelichukua lile shairi langu la beti tisa nikaliandika upya. Mara ya kwanza nilibadilisha "mweupe" nikaweka "mkoloni". Nikaona ni kiraka. Mara ya pili nilimtaja Floyd tu, goti tu, dakika tu, bila rangi, na hapo likaanza kupumua. Beti tisa zimebaki nne. Mara ya tatu ubeti wa mwisho ukahama wenyewe kutoka Minneapolis ukaja mpaka mlangoni pale alipokaa yule binti. Halijakaa sawa bado. Nilimtumia alisome. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Sasa nipo. Lakini kaka, mbona bado sisemi kitu humo?"

Kwa hiyo kazi haijaisha. Kalamu ipo, karatasi ipo, na yeye naye nimemwomba aandike la kwake kwa ajili ya toleo lijalo. Amesema atafikiria. Nanyi mlete ya kwenu. Kutoka Geita, tafadhali. Mbwa wa Birmingham tumewasikia.